Mashine ya Kivuva Haitolewi Utumbo

Kivuva alisimama mlangoni mwa karakana ya Mbula, kofia mkononi kama mtu aliyeleta habari za msiba, akasema kabla hajakaribishwa:

"Mama Kyule, nimekata shauri. Ng'ang'a ataitoa utumbo."

Mbula, aliyezoea kuitwa hivyo kwa jina la mwanawe, hakuinua macho. Alikuwa akilehemu waya ndani ya redio ya mteja, na mtu hawezi kuacha risasi ya kulehemu ikidondoka ovyo ati kwa sababu mpiga gita amekata shauri. Alipomaliza akaupuliza moshi, akauliza, "Utumbo wa nani?"

"Wa mashine. Sanduku litabaki, kitambaa cha mbele kitabaki, hata vile vyuma vya pembeni vitabaki. Ndani atatia bodi ndogo ya kisasa, nyepesi kama kitabu cha nyimbo. Watu hawatajua."

"Na wewe utajua?"

Kivuva akaigeuza kofia yake upande wa pili. "Mimi nina harusi Matinyani Jumamosi ijayo. Bwana harusi hataniuliza kilicho ndani ya sanduku."

"Basi iache hapa mpaka Ijumaa."

"Niiache? Imekufa, Mbula! Ilitoa moshi mbele ya kanisa zima!"

"Ilitoa moshi kwa sababu uliichoma. Iache mpaka Ijumaa. Ikiwa haitasema, mwite Ng'ang'a aje na bisibisi yake, na mimi mwenyewe nitamshikia taa. Ikisema, hakuna mtu atakayeitoa utumbo maadamu niko hai. Umenisikia?"

Kivuva alimsikia. Kinu cha posho kilichokuwa mbele ya karakana kilikuwa kimenyamaza kwa wakati huo, na nusu ya soko la Kambu ilimsikia pia.

Mashine yenyewe ilikuwa amplifaya ya gita ya miaka ya zamani, ya aina inayotumia valvu, zile chupa za kioo ambazo huwaka ndani kwa mwanga wa rangi ya chungwa kama makaa yaliyofunikwa jivu. Ilikuwa ya mjomba wa Kivuva kwanza, enzi ambazo bendi ya watu wanne iliweza kuitikisa nchi yote ya Ukambani kuanzia Makueni hadi Kyuso, na vijana walitembea kutwa nzima kufuata dansi, viatu wamevishika mikononi visichakae. Mjomba alimrithisha Kivuva gita na mashine. Na aliyeitunza mashine hiyo tangu mwanzo alikuwa Kitonga, baba yake Mbula.

Kitonga alikuwa fundi wa misheni. Aliitengeneza jenereta, kinanda cha kanisa na mashine ya sinema ambayo mapadri waliizungusha vijijini. Wanawe wa kiume walipochukua njia za Nairobi na Mombasa, aliyebaki kumshikia tochi ni Mbula. Alipofariki, watu walikuja karakanani kuzichukua redio zao kabla hazijapotea, wakamkuta Mbula amevaa aproni ya baba yake, anauliza nani mwenye haraka zaidi. Walikuwako waliomwonya kwamba umeme si kazi ya mwanamke. Aliwajibu kwamba umeme haubagui. Humuua kila mzembe. Miaka mingi imepita tangu hapo, nywele zake zimeingia mvi, na bado yuko hai, jambo ambalo yeye huliona kuwa jibu la kutosha.

Kivuva alipoondoka, Mbula aliilaza mashine kifudifudi juu ya meza akaufungua mgongo wake. Mkono wake wa kushoto uliingia mfukoni wenyewe, kwa mazoea. Hilo alifunzwa na baba yake kabla hajafunzwa kulehemu. Ndani ya mashine ya valvu mna umeme mkali kuliko ule wa ukutani, nao hubaki humo hata baada ya plagi kuchomolewa, ukivizia. Anayeshika kwa mikono miwili huupa njia ya kupita kifuani, penye moyo. Anayeshika kwa mkono mmoja huenda akaruka na kutukana tu. Si wote Kambu waliolijua hilo. Waliouona mkono mfukoni walisema binti Kitonga ana majivuno, na Kivuva mwenyewe alipenda kusema kwamba Mbula hutengeneza vitu kama chifu anayekagua gwaride.

Aliumaliza kwanza umeme uliojificha, akiunyonya polepole kupitia rezista, kile kijiti kinachoupunguzia umeme kasi, ndipo akaanza kuifuata njia yake kama mtu anayefuata nyayo za ng'ombe aliyepotea.

Njia huanzia kwenye transfoma ya kwanza, ile inayoupokea umeme wa ukutani na kuupandisha. Umeme huo huja ukiyumba mbele na nyuma, kwa hiyo hupitishwa katika valvu inayouruhusu kwenda upande mmoja tu. Hata hivyo bado huja kwa mafungu, kama mvua ya nchi hii: leo mafuriko, kesho kiu. Hapo ndipo kapasita zinapofanya kazi ya bwawa la mchanga mtoni. Hulipokea fungu linapokuja, hulihifadhi, kisha hulitoa taratibu, hata aliye mbele akadhani kwamba mto haujapata kukauka. Kapasita zikichoka, mashine huvuma kama mzinga wa nyuki. Mbula alizipima. Zilikuwa nzima.

Kisha akaifuata sauti. Uzi wa gita ukitikisika juu ya sumaku huzaa umeme mdogo sana, usioweza hata kumshtua mbu. Umeme huo hufika kwenye valvu ya kwanza. Ndani ya kioo kile hamna hewa. Mna kipande cha chuma kinachopashwa moto hadi kikatoa chembe za umeme. Ng'ambo yake mna bamba linalozivuta chembe hizo. Na kati yao mna wavu mwembamba. Kitonga alimweleza bintiye hivi: hizo chembe ni mbuzi wenye njaa zizini, bamba ni malisho, na wavu ni lango. Gita halina nguvu za kumsukuma mbuzi hata mmoja. Lakini lango halihitaji nguvu, lahitaji kidole tu. Kidole kikicheza kidogo, kundi zima hutoka au huzuiliwa kwa kipimo kile kile. Basi kinachosikika kwenye spika ni nguvu ya ukutani iliyotii amri ya gita.

"Usiseme mashine hukuza sauti," mzee alikuwa akimwambia. "Sema humlazimisha mkubwa amsikilize mdogo."

Maneno hayo Mbula hakuyatumia kwa mashine peke yake.

Valvu ya kwanza huipokeza ya pili, na ya pili huzigawia kazi zile mbili kubwa za mwisho, ambazo hufanya kama wanawake wawili wanaotwanga mahindi ya muthokoi katika kinu kimoja: mchi wa huyu unapopanda, wa yule unashuka. Hizo zote zilikuwa nzima. Ndipo akafika kwenye transfoma ya pili, inayokaa kati ya valvu kubwa na spika, akainama, akanusa. Harufu ya vanishi iliyoungua.

Transfoma hiyo ni mshenga. Valvu husema kwa msukumo mkubwa na mkondo mdogo. Spika hutaka msukumo mdogo na mkondo mkubwa. Bila mtu wa kati hawaelewani. Kwa hiyo mshenga ana waya mwembamba mrefu upande wa valvu na waya mnene mfupi upande wa spika, zote zimezungushwa juu ya moyo mmoja wa chuma. Siku ile ya harambee kanisani, kipaza sauti cha mchungaji kilikosa spika. Kivuva, kwa ukarimu wake, akauchomoa waya wa spika kutoka kwenye mashine yake akampa mchungaji, na mashine akaiacha ikiwaka. Kisha akaendelea kuzilinganisha nyuzi za gita lake, na alipoona hasikii kitu, akaongeza sauti hadi mwisho. Mshenga akabaki amebeba ujumbe bila wa kumpa. Nguvu zikarudi nyuma, zikaruka kutoka safu hadi safu ya waya, zikaunguza kila kitu.

Transfoma kama hiyo haiuzwi tena. Mbula alikwenda kuhakikisha kwa Ng'ang'a, ambaye wazazi wake walihamia Kambu kutoka Murang'a na ambaye duka lake la vyombo vya muziki latazamana na barabara kuu. Alimkuta akijaribu kinanda kipya.

"Mama, hiyo kitu hata Nairobi hupati," Ng'ang'a alisema, akizima kinanda kwa heshima. "Mimi nikiweka bodi yangu, ninamsaidia Kivuva. Sikuonei wewe."

"Najua hunionei. Ndiyo maana nimekuja kukwambia mapema kwamba kazi hiyo umeikosa."

Ng'ang'a akacheka. "Haya. Ijumaa nitakuja na bisibisi."

"Njoo na kiti pia. Utahitaji kukaa."

Waya mpya wa shaba aliupata kwa mafundi wanaotengeneza mota za pampu za maji. Ule wa upande wa valvu ulikuwa mwembamba kama unywele, na unywele huo ulitakiwa uzungushwe mara elfu kadhaa bila kukatika na bila kulegea. Kazi hiyo hakuiweza peke yake, wala hakuona haya kusema hivyo. Akamwita Muthoki.

Muthoki hakuijua valvu wala transfoma, lakini alikuwa msusi wa vyondo, vile vikapu vya katani, tangu utotoni, na vidole vyake viliujua mvuto wa uzi kama ulimi unavyoijua chumvi. Wote wawili walikuwa katika kikundi kimoja cha mwethya, cha kusaidiana kazi, na kikundi hicho kilikuwa na desturi yake: wanawake huketi wakitazamana, na haondoki mtu kwenye kigoda chake kabla kazi haijafika mwisho. Kigoda kitupu, walisema, hualika uvivu uje ukalie.

Basi waliketi wakitazamana. Kati yao Mbula aliweka mhimili wa baiskeli wenye mpini mwishoni, na juu ya mhimili kigogo cha kuzungushia waya. Mbula akauvuta mpini kuelekea kwake, Muthoki akauongoza waya kwa ncha za vidole. Kila safu ilipotimia waliifunika kwa karatasi. Ulipofika wakati wa waya mnene, bega la Mbula lilikuwa limekufa ganzi.

"Lete huo mpini," Muthoki akasema. "Wewe ongoza."

Bila kuondoka kigodani, Muthoki akanyoosha mkono, akaushika mpini kutoka upande wake, akauvuta kuelekea kwake hadi safu za waya mnene zikaisha. Kisha, kwa kuwa waya mnene hukaa katikati ya safu za mwembamba, Mbula akaushika mpini tena, akaurudia waya mwembamba na kumaliza. Mwishowe wakaichovya kazi yao katika nta ya nyuki iliyoyeyushwa, wakangoja mapovu yaishe, kwa maana panapobaki hewa ndipo umeme hupata pa kurukia.

"Hiki chondo chako hakibebi hata ndengu," Muthoki alisema akikitazama kile kitu kilichong'aa kwa nta.

"Kitabeba harusi nzima," Mbula akajibu.

Ijumaa asubuhi walifika wote. Kivuva alikuja na gita lake. Ng'ang'a alikuja na bisibisi, na kweli, na kiti cha plastiki. Muthoki aliketi ng'ambo ya meza akisokota katani. Mbula akaunganisha spika kwanza, akamwonyesha Kivuva waya ule kwa kidole, na Kivuva akatazama pembeni. Kisha Mbula akabonyeza swichi ya kwanza.

Kimya.

"Mbona haisemi?" Kivuva akauliza.

"Wewe ukiamshwa huimba hapo hapo? Acha valvu zipate moto."

Vioo vikaanza kupata rangi ya chungwa, kimoja kimoja, hadi vyote vikawaka. Mbula akabonyeza swichi ya pili, ile inayoufungulia umeme mkali.

Mashine ikapiga yowe. Lilikuwa yowe moja refu, kali, lisilopumua, la kumfanya mtu auhisi mzizi wa jino. Kuku wakatawanyika. Wenye magunia yao kwenye kinu wakaja mbio kuangalia nani anachinjwa. Mbula akazima.

"Si nilisema?" Kivuva alipaza sauti, masikio yake bado yameziba. "Si nilisema imekufa?"

"Kilichokufa hakipigi yowe, Kivuva. Keti."

Ng'ang'a alikwisha kusimama na bisibisi yake. "Mama, pole. Lakini tulikubaliana."

"Tulikubaliana ikiwa haitasema. Imesema."

"Imesema nini?"

"Imesema nimekosea mahali. Sasa nyamazeni niisikilize, maana nyinyi mnapiga kelele kuishinda."

Waliokuja kutoka kinuni wakacheka, na mmoja akasema wampe mashine maji ya kunywa. Mbula hakugeuka. Alijua kwamba yowe si kifo. Katika mashine ya namna ile kuna waya mmoja unaoichukua sauti kidogo kutoka kwenye spika na kuirudisha nyuma kwenye valvu za mbele. Kazi yake ni kazi ya sikio la mwimbaji wa kwaya: hujisikia anapokwenda juu mno, akajirudi. Sauti hiyo inaporudi lazima ije kinyume, ili iseme, "Punguza." Ikija upande ule ule, badala ya kuonya hushangilia. Husema, "Ongeza," na mashine ikaongeza, ikasikia imeongeza, ikaongeza tena, hadi ikapayuka.

Akaunyonya umeme, mkono mfukoni, akautoa waya ule mmoja, akawasha tena. Wakangoja. Yowe halikuwako.

"Piga," akamwambia Kivuva.

Kivuva akapiga, na sauti ikatoka kubwa, ya kukwaruza, kama mtu anayeongea kabla hajasafisha koo. Lakini ilitoka. Uso wa Kivuva ukabadilika.

"Haya basi! Imepona! Funga mgongo, twende zetu."

"Sifungi."

"Mama Kyule, watu wanacheza, hawasikilizi—"

"Nimesema sifungi. Siwezi kukupa mashine niliyoikata sikio ili nishinde ubishi. Nikifanya hivyo, mimi na bisibisi ya Ng'ang'a tuna tofauti gani?"

"Mimi nimekaa tu," Ng'ang'a akasema kutoka kwenye kiti chake.

Mbula akaegemea meza. Transfoma ya zamani ilikuwa sahihi. Ya sasa ilirudisha sauti upande usiofaa. Basi kinyume hicho kilizaliwa pale waliposhirikiana kuizungusha. Lakini wapi? Alikuwa amezitia alama nyaya zote, mwanzo na mwisho. Akainua macho. Mbele yake Muthoki aliendelea kusokota, akiuvuta uzi wa katani kuelekea kwake.

"Muthoki. Vuta mpini."

"Mpini gani?"

"Ule wa juzi. Vuta hewani tu."

Muthoki akauacha uzi, akanyoosha mkono, akavuta kuelekea kifuani pake. Mbula naye akavuta kuelekea kwake. Mikono miwili ikapishana juu ya meza, mmoja ukienda mashariki, mwingine magharibi.

"Aiya!" Muthoki akashika mdomo. "Kumbe mimi ndiye niliyeiliza?"

"Sisi wawili. Wewe ulivuta kwako, mimi nikavuta kwangu, waya mnene ukazungukia kinyume cha mwembamba, na kigodani hakuondoka mtu."

"Na ningeondokaje kazi haijaisha?"

"Ungeondokaje!" Mbula akasema, akacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Hakuna kilichohitaji kuzungushwa upya. Waya mbili zinazotoka kwenye transfoma kwenda kwenye valvu kubwa zilibadilishana mahali, ya kulia ikaenda kushoto na ya kushoto kulia. Akalehemu. Akaurudisha ule waya wa sikio. Akawasha, na safari hii hakuna aliyeuliza kwa nini haisemi. Waliokuwa wakicheka walikitazama kioo kikiwaka kama watu wanaotazama sufuria ya chai.

Swichi ya pili. Kimya safi, chenye uvuguvugu ndani yake.

"Piga sasa."

Kivuva alikusudia kupiga mara moja tu. Aliligusa gita kwa kidole gumba, sauti ikatoka mviringo, nene, ikakaa hewani ikififia kwa hiari yake. Akasimamisha uzi, akamtazama Mbula, akapiga tena. Kisha mkono wake wa kulia ukaingia katika ule mwendo wa Ukambani, nyuzi nyembamba zikijibizana na nene kama wake wenza wanaopatana, na alipoukaza mkono, sauti ikaanza kukwaruza kidogo pembeni, kwa namna ambayo mtu hukwaruza anapozidiwa na furaha. Wale wa kinuni walianza kutikisa mabega. Muthoki alisimama, maana sasa kazi ilikuwa imeisha, akacheza pale pale penye kigoda.

Ng'ang'a alisikiliza hadi mwisho, kichwa kimeinama upande mmoja. Kisha akaitia bisibisi mfukoni. "Hiyo sauti sina dukani," akasema. "Nisikudanganye, Kivuva."

Kivuva alilishusha gita polepole. Hakuwa mtu wa kushindwa mara moja. "Sauti ni nzuri," akasema. "Sikatai. Lakini hii mashine ni nzito, Mama Kyule. Mgongo wangu si ule wa zamani. Ile bodi ya Ng'ang'a mtu angeibeba kwa mkono mmoja."

"Mgongo ni wako, uupeleke kwa daktari. Mashine nimekwisha kuifunga." Akakaza skrubu ya mwisho. "Na unisikie vizuri. Waya wa spika hauchomolewi mashine ikiwaka. Hata mchungaji akilia. Hata askofu."

"Hata askofu," Kivuva akakubali.

"Sasa bebeni."

Pikapu ilikuwa imeegeshwa mbali kidogo, ng'ambo ya marundo ya mahindi. Kivuva akaishika mashine upande mmoja, akainua, ikakataa kuondoka mezani. Akamtazama Ng'ang'a. Ng'ang'a akamtazama Mbula, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kumruhusu asishike.

"Transfoma ziko upande wa kushoto," Mbula akasema. "Mwenye nguvu zaidi ashike huko."

Ng'ang'a akakunja mikono ya shati. Wakainyanyua, wakatoka nayo kinyumenyume mlangoni, wakihema na kulaumiana. Walipofika katikati ya njia Kivuva akaomba waitue kidogo wapumue.

"Hakuna kutua!" Mbula akapaza sauti kutoka mlangoni. "Matinyani ni mbali!"

Hawakuitua.